Natumia kadi karibu yote, nalipa yote, mbona limiti haipandi?

Wakesho_Lowell

Habari zenu nyote. Naomba mwenye ujuzi wa mambo ya kadi za mkopo za huku Marekani anisaidie.

Niko Lowell, Massachusetts, nahudumia wazee kwenye makao yao, zamu ya usiku. Nina kadi moja tu ya mkopo. Niliipata nikiwa bado mgeni na limiti yake ni dola 800. Tangu niipate sijawahi kuchelewesha malipo. Kila kitu nakipitisha humo: vyakula, mafuta ya gari, simu, nepi za mtoto, hata viatu vya kazi. Bili yangu hufungwa tarehe 14. Siku hiyo ikifika kadi huwa karibu imejaa, mwezi uliopita ilisoma dola 760. Bili ikishatoka, baada ya siku mbili tatu nalipa yote, inarudi sifuri, naanza upya. Riba sijawahi kulipa.

Sasa nataka kukata tiketi za Disemba kwenda Mombasa, mimi na mtoto, na hata ya mtu mmoja inazidi hiyo limiti. Pesa ninayo, nimeiweka kidogo kidogo. Ila nataka kukata kwa kadi, maana safari ikifutwa au shirika likifunga, ukilipa kwa kadi ya mkopo kuna njia ya kudai pesa yako irudi. Basi nikaingia kwenye programu ya benki, nikaomba limiti ifike 2,500. Papo hapo wakakataa. Wiki iliyofuata ikaja barua na sababu mbili. Ya kwanza, salio ni kubwa mno ukilinganisha na limiti. Ya pili, kipato hakitoshi kwa kiasi nilichoomba.

Hapo ndipo sielewi. Salio gani, na mimi nalipa yote kila mwezi? Nyumbani Kenya nilizoea mikopo ya simu ya M-Shwari na Fuliza, unachukua, unarudisha upesi, limiti inapanda. Nilijua na hapa wakiona naitumia mpaka mwisho na narudisha bila kusukumwa, wataniamini zaidi. Wifi yangu anasema niache kuitumia kabisa, niiweke kwenye droo. Mwenzangu kazini anasema nisilipe yote, nibakize deni kidogo kila mwezi. Nani yuko sawa? Na nikiomba tena, alama zangu za mkopo zitashuka?

KijanaWaAtlanta

Dada Wakesho, huyo mwenzako wa kazini yuko sawa. Benki inakula riba. Wewe unayelipa yote hawapati chochote kwako, wakuongezee limiti ya nini? Lipa kile kiwango cha chini, acha deni litembee miezi michache, utaona. Kuna jamaa yangu hapa limiti yake imetoka 1,000 hadi 5,000 na kila mwezi ana deni.

BiZubeda_Houston

Wakesho mwanangu, usifanye hivyo. Nawe kijana wangu wa Atlanta, najua unataka kusaidia, lakini ushauri huo unawatia watu hasara na nimeuona ukifanya kazi yake mbaya. Mimi naandaa kodi za watu hapa Houston, na kila msimu wa kodi mezani kwangu wanakaa wageni wenye kadi tatu nne zilizojaa, wanaolipa kiwango cha chini wakiamini wanajenga jina. Riba za kadi nchi hii nyingi siku hizi zimepita asilimia 20 kwa mwaka. Ukiacha dola 760 zilale kwenye kadi ya asilimia 24, unatoa kama dola 15 kila mwezi, na hakuna alama hata moja unayopewa kwa ajili ya riba hiyo. Ripoti ya mkopo haionyeshi kama umelipa riba au hukulipa. Inaonyesha salio, limiti, na kama umelipa kwa wakati.

Tena si kweli kwamba anayelipa yote hawafaidishi kitu. Kila Wakesho anapopitisha kadi pale kwenye kituo cha mafuta, mwenye kituo anakatwa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi. Mteja anayetumia sana na kulipa yote ni mteja mzuri kwao. Huyo jamaa yako limiti yake ilipanda kwa sababu nyingine, labda kipato, labda historia ndefu. Deni halikumsaidia.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mwanangu, kuna macho mawili yanakuangalia, na hayaoni kitu kimoja.

Jicho la kwanza ni benki yako yenyewe. Hiyo inaona kila senti: ulinunua wapi, lini, ukalipa lini, ukalipa kiasi gani. Kwa jicho hilo wewe ni mtu safi kabisa.

Jicho la pili ni mashirika yanayotunza taarifa za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Hayo hayaoni mwendo wa mwezi mzima. Kwa kawaida benki huyapelekea namba mara moja kwa mwezi, na mara nyingi namba yenyewe ni salio la siku bili inapofungwa. Kwako ni tarehe 14. Wewe unalipa tarehe 16 au 17. Kwa hiyo kila mwezi wanapigiwa picha yako ukiwa na dola 760 juu ya limiti ya 800, asilimia 95. Siku mbili baadaye unasafisha, lakini picha imeshakwenda, na mwezi unaofuata inapigwa nyingine ile ile. Mtu asiyekujua akiitazama ripoti hiyo, anamwona mama ambaye kadi yake haijawahi kupumua.

Na uombapo limiti, benki haiangalii vitabu vyake peke yake. Inavuta pia ripoti yako kutoka kwa hao. Hilo ndilo "salio" la kwenye barua. Kwenye alama za FICO, zile ambazo benki nyingi hutumia kumpima mkopaji, kulipa kwa wakati kunachukua asilimia 35 na kiasi unachodaiwa kinachukua asilimia 30. Hiyo 35 unayo mkononi. Ile 30 unaipoteza kwa sababu ya siku mbili tatu za kalenda, na pesa unayolipa ni ile ile.

Fanya hivi. Usingoje bili itoke. Tarehe 10 au 11, ingia ulipe 700 katika hizo 760. Malipo yakishapita, bili ya tarehe 14 itafungwa ikiwa na dola 60 tu. Hiyo ni chini ya asilimia 8. Kisha hizo 60 zilipe kabla ya tarehe ya mwisho ya malipo kama kawaida yako. Sheria inawataka wakutumie bili angalau siku 21 kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo nafasi ipo tele. Watu hutaja asilimia 30 kama mpaka, lakini wenye alama za juu kabisa huonekana chini ya 10. Na usiifikishe sifuri tupu kila mwezi kabla ya bili, maana una kadi moja tu, na ripoti inayosoma sifuri kila mara huonekana kama ya mtu asiyetumia. Kidogo kikionekana ni vizuri.

Jambo la kukufariji ni kwamba alama za FICO ambazo benki nyingi bado zinatumia huangalia salio lililopo kwenye ripoti sasa. Picha mpya ikiingia, ya zamani haikuvuti nyuma kwa upande huo. Kuna mifumo mipya, kama FICO 10T na VantageScore 4.0, ambayo hutazama mwenendo wa miezi 24, ndiyo maana nakwambia uifanye desturi na si ujanja wa mwezi mmoja.

Wifi yako naye msikilize nusu. Kupunguza salio linaloonekana, sawa. Kuiweka kadi kwenye droo, hapana. Kadi isiyotumika haiipi benki sababu ya kukuongezea, na ikikaa hivyo muda mrefu wanaweza kuipunguza limiti au kuifunga. Mwaka 2020, korona ilipoingia, benki nyingi huku zilipunguza limiti za watu, na kadi zilizolala zilikuwa shabaha rahisi. Endelea kupitisha vyakula na mafuta humo kama unavyofanya.

Sababu ya pili, kipato. Hebu nikuulize: ulipofungua kadi uliandika kipato gani, na umewahi kukibadilisha kwenye programu? Wengi tunaandika mshahara wa miezi ya kwanza, wa saa chache, halafu tunasahau. Sheria ya kadi ya 2009, ile aliyosaini Obama, inaitaka benki ipime uwezo wako wa kulipa kabla ya kukuongezea limiti. Haiwezi kukuongezea kwa sababu tu una tabia njema. Kama namba waliyo nayo ni ya zamani, wanapima uwezo wa mtu ambaye si wewe tena.

DerevaWaMasafa

Bi Zubeda amemaliza, mimi naongeza moja tu kwa sababu linatugusa sana sisi tunaotuma nyumbani.

Dada Wakesho, hukusema unatuma vipi pesa Mombasa. Kama unatumia programu za kutuma pesa moja kwa moja hadi M-Pesa, angalia umeunganisha nini pale kwenye malipo. Ukiweka kadi ya mkopo, benki nyingi huihesabu kama umetoa pesa taslimu, si kama umenunua kitu. Hapo kuna ada yake, na riba inaanza siku hiyo hiyo, hata kama unalipa bili yote kwa wakati. Ile nafasi ya kutolipa riba haipo kwa pesa taslimu. Na benki ikiona mtu wa limiti ya 800 anatoa taslimu kila wiki, inasoma kwamba hali si nzuri. Hapa barabarani madereva wenzangu wengi wamekatwa namna hiyo na hawajui kwa nini, mpaka wafungue bili wasome mstari mmoja mmoja.

Tuma kwa akaunti ya benki au kadi ya kawaida ya akaunti yako. Ya mkopo iachie manunuzi.

Asifiwe_Dayton

Jambo ndugu zangu. Nami nataka kuuliza hapo hapo. Sisi tulioingia kama wakimbizi wengi tulianza na kadi ya dhamana. Uliweka dola 200 benki, ukapewa limiti ya 200. Nalo hili la tarehe ya bili linatuhusu, au yetu inapanda tu ukiongeza dhamana?

BiZubeda_Houston

Asifiwe, linawahusu zaidi. Kwenye limiti ya 200, ukijaza mafuta na kununua vyakula mara moja tu umeshapita nusu, na alama hupima sehemu ya limiti uliyotumia, hata kama nusu hiyo ni dola 100 tu. Kwa hiyo lipa kabla ya bili kufungwa, na ikibidi lipa mara mbili kwa mwezi. Ni kweli kadi nyingi za dhamana hupanda ukiongeza dhamana. Lakini benki kadhaa hupitia akaunti baada ya miezi kadhaa ya malipo mazuri, zikakurudishia dhamana yako na kuigeuza kadi kuwa ya kawaida, nyingine zikaongeza na limiti. Wapigie uwaulize kama yako ina njia hiyo. Kama haina, ni afadhali ujue mapema, utafute nyingine yenye njia, kuliko kungoja kitu kisichokuja. Na kabla hujaweka dhamana mahali popote uliza kama wanapeleka taarifa kwa mashirika yote matatu.

Wakesho_Lowell

Shikamoo Bi Zubeda, na asanteni sana nyote. Kaka dereva, bahati nzuri natuma kwa akaunti, lakini mume wangu anatumia kadi yake, leo hii naenda kumwonyesha.

Nimeangalia programu. Kipato kilichoandikwa ni cha wakati ule nilipokuwa nafanya saa 20 kwa wiki. Siku hizi nafanya saa zote na ziada za wikendi. Hata sikujua pale pana mahali pa kubadilisha, iko ndani kabisa kwenye wasifu wangu.

Maswali matatu. Mume wangu yuko kwenye ghala, mshahara wake unaingia kwenye akaunti yetu ya pamoja, je, naweza kuuhesabu? La pili, nimefikiria kulipa kila Ijumaa mshahara ukiingia ili kadi iwe tupu muda wote, niweze kuipitisha zaidi hata ya 800 kwa mwezi waone natumia sana. Ni sawa? Na la tatu, niombe lini, maana tiketi zinapanda bei.

BiZubeda_Houston

Marahaba mwanangu.

La mume: kama umefikisha miaka 21, sheria inakuruhusu kuandika kipato ambacho una haki ya kutegemea kukifikia, hata kikiwa cha mwenzi wako. Walilegeza hilo mwaka 2013, kwa sababu kabla ya hapo akina mama wengi wa nyumbani walinyimwa kadi huku nyumba ina kipato. Mshahara unaoingia kwenye akaunti yenu ya pamoja unahesabika. Lakini soma swali lilivyoulizwa. Likisema jumla ya kipato chako kwa mwaka, jumlisha. Likiuliza mshahara wako peke yako, andika wako. Na namba iwe ya kweli, unayoweza kuionyesha kwa stakabadhi za mshahara na fomu za W-2, zile za mshahara wa mwaka anazokupa mwajiri. Benki inaweza kukuuliza. Kudanganya kipato kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa mgeni ambaye karatasi zake bado zinatembea, sitaki hata uliwaze. Saa za ziada unazozipata mara kwa mara, hesabu. Za wikendi moja zilizotokea tu, ziache.

La kulipa kila Ijumaa: kulipa mapema hakuna ubaya. Ubaya upo kwenye kuijaza, kuimaliza, kuijaza tena, kuimaliza tena ndani ya bili moja, mpaka kadi ya 800 inapitisha 2,400 kwa mwezi. Benki nyingine huliona hilo kama ishara ya hatari, na wamewahi kuzifungia kadi za watu kwa hilo. Matumizi yako ya kawaida yanafika 760. Hayo yanatosha kuwaonyesha kwamba limiti imekubana. Usiongeze manunuzi ili uonekane. Ongeza malipo ya tarehe 10, basi.

La lini: kwanza badilisha kipato leo. Halafu usiombe kesho. Ngoja bili ijayo ifungwe ikiwa na salio dogo, kisha ngoja siku kadhaa namba ifike kwenye ripoti. Hakikisha kwa macho yako. AnnualCreditReport.com ni ya bure, na sasa unaweza kuvuta ripoti zako kila wiki kutoka kwa mashirika yote matatu. Tazama mstari wa kadi yako: limiti 800, salio 60 au karibu. Ukiona hivyo, ndipo uombe. Ukiweza kuvumilia bili mbili, afadhali zaidi.

Uliuliza kama kuomba kunashusha alama. Inategemea benki. Nyingine hukukagua kwa ukaguzi mwepesi usiogusa alama zako kabisa. Nyingine hufanya ukaguzi mzito, ambao unabaki kwenye ripoti miaka miwili, na FICO huuhesabu kwa miezi 12 ya kwanza. Kwa kawaida unapunguza alama chache tu, lakini wewe historia yako bado ni fupi, utausikia kuliko mimi. Usibonyeze kitufe kabla ya kuuliza. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, useme: "Nikiomba kuongezewa limiti, mtanifanyia ukaguzi wa aina gani?" Watakujibu, na simu hiyo yenyewe si maombi.

Tena usiombe 2,500. Kutoka 800 hadi 2,500 ni zaidi ya mara tatu, na kwa akaunti changa hiyo ni hatua ndefu. Omba kinachotosha tiketi yako moja. Ya mtoto utaikata baada ya kulipa ya kwanza. Ila hakikisha mko kwenye safari moja, na uwapigie shirika la ndege waunganishe tiketi zenu, ili asionekane anasafiri peke yake.

Na wakikataa tena, ile barua isome kama ulivyoisoma hii. Sheria inawalazimisha wakupe sababu mahususi, si maneno ya jumla, na kama walitumia ripoti yako, una siku 60 za kuomba nakala ya bure kutoka kwa shirika waliloitoa. Hiyo barua uliyo nayo usiitupe. Iweke, uilinganishe na itakayokuja, kama itakuja.

Ikiwa Oktoba imeingia na bado hawajakuongezea, waulize benki kama unaweza kutanguliza pesa kwenye kadi ili salio liwe upande wako, kisha ukate tiketi kwa pesa hiyo pamoja na limiti. Benki nyingine huruhusu, nyingine hurudisha pesa au huzuia akaunti kwa kutiliwa shaka, kwa hiyo usitume kabla hujasikia kwa mdomo wao. Wakiruhusu, tiketi umelipa kwa kadi ya mkopo na haki yako ya kudai unayo.

Wakesho_Lowell

Nimebadilisha kipato sasa hivi, wangu na wa mume wangu, kama ilivyo kwenye stakabadhi. Nimeweka simu inikumbushe tarehe 10 kila mwezi. Nimewapigia pia. Yule dada wa huduma amesema kwao ukaguzi ni mwepesi, haugusi alama, na ameniambia kwamba wakishakataa niache miezi mitatu kabla ya kuomba tena. Kwa hiyo bili mbili zitapita tu hata nisipotaka.

BiZubeda_Houston

Vizuri sana. Miezi mitatu ni yako, itumie. Na mumeo akishaondoa kadi yake kwenye programu ya kutuma pesa nyumbani, mwambie aangalie bili za nyuma. Akikuta ada za pesa taslimu, awapigie awaombe kwa upole wamrudishie japo ya mwisho. Mara nyingi, kwa mteja anayelipa vizuri, hukubali.